Wanagenzi wawili kutoka nje wanakuja, na mkurugenzi anataka wazibe pengo la mhandisi

Mshauri mpendwa,

Ninasimamia idara ndogo ya usanifu na majaribio katika kampuni inayotengeneza pampu za maji. Mkurugenzi wetu amekubaliana na vyuo vikuu viwili vya nje ya nchi kwamba tutawapokea wanafunzi wawili wa mafunzo kwa vitendo kwa miezi mitano, mmoja akiwa anasomea uhandisi wa mitambo na mwingine usimamizi wa biashara. Nilipewa taarifa hiyo kikaoni ikiwa imekwisha kuamuliwa, na kilichonishtua zaidi ni sababu iliyotolewa. Mhandisi wetu mmoja aliacha kazi hivi karibuni, na kwa maoni ya mkurugenzi hakuna haja ya kuitangaza nafasi yake kwa sasa, kwa kuwa vijana wawili wa chuo kikuu watatosha kuziba pengo hilo, tena bila mshahara, maana wanakuja na ruzuku yao.

Si mara yetu ya kwanza kupokea mgeni. Mwanafunzi aliyetangulia alikuwa kijana mwenye adabu na akili, lakini kila nilipomwuliza kama ameelewa alijibu kwamba ameelewa, na kila nilipomwuliza kama kazi inakwenda vizuri alijibu kwamba inakwenda vizuri. Alipoondoka, chuo chake kilituandikia barua ya upole kikieleza kwamba, kwa mujibu wa ripoti yake, alitumia wiki nyingi akinakili takwimu, na kwamba mikutanoni hakufuata mengi kwa sababu wenzake walianza kwa lugha anayoijua na kumalizia kwa lugha yao. Kiliuliza, kwa maneno ya kiungwana, kama kweli tunapenda kuendelea kupokea wanafunzi wake. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi wenyeji hatukupona, na mgeni naye aliondoka mikono mitupu.

Sasa idara ya rasilimali watu inasema suala la viza haliihusu, mwanafunzi mmoja ameniandikia akiomba nimtafutie nyumba, na chuo cha mwingine kimenitumia mpango wa mafunzo nisaini, ilhali sehemu ya majukumu ya mwanafunzi iko wazi kabisa. Malengo yangu ya robo mwaka hayakupunguzwa hata kidogo. Je, nikatae kuwapokea? Na kama sitakataa, nianzie wapi?

Msimamizi Mwenye Mashaka

*

Ndugu Msimamizi,

Usikatae, lakini pia usisaini kitu kwa sasa. Ule mpango wa mafunzo unaouona kama mzigo mwingine wa karatasi ndio utakaokupa nguvu mbele ya mkurugenzi wako, na bahati nzuri ni kwamba sehemu muhimu bado haijajazwa.

Nianze na pengo la mhandisi, kwa kuwa hapo ndipo mengine yote yatakapoharibikia au kutengenea. Wazo la mkurugenzi wako si geni, na mifumo mingi inayosimamia mafunzo ya kimataifa imekwisha kulikuta na kuliwekea kizuizi. Nchini Marekani, mwanagenzi anayeingia kwa viza ya J-1, yaani ile ya wageni wa mipango ya kubadilishana, anahitaji mpango wa mafunzo ulioandikwa katika fomu ya DS-7002, unaosainiwa na yeye mwenyewe, taasisi inayomdhamini na msimamizi wake kazini. Kanuni za viza hiyo zinakataza kumtumia kuchukua nafasi ya mfanyakazi, na kazi za ukarani haziruhusiwi kuzidi asilimia 20 ya kazi zake. Sheria ya Ufaransa inakataza makubaliano ya mafunzo yanayolenga kumpa mwanafunzi kazi ya kawaida ya nafasi ya kudumu au kumweka badala ya mfanyakazi asiyekuwepo, na inaweka kikomo cha miezi 6 katika kampuni moja kwa mwaka wa masomo. Katika Erasmus+, mpango wa Umoja wa Ulaya unaogharimia mafunzo ya kazini ya miezi 2 hadi 12 kwa wanafunzi wa elimu ya juu, mwanafunzi, chuo kinachomtuma na kampuni inayompokea husaini makubaliano yanayotaja kazi atakazofanya, ujuzi atakaoupata, na namna atakavyofuatiliwa na kutathminiwa. Kampuni yako itafuata sheria za nchi iliyopo na masharti ya mpango unaowaleta wanafunzi hao, na hayo ndiyo utakayoyasoma kwanza. Lakini popote ulipo, saini yako chini ya mpango huo itakuwa ahadi kwa chuo kwamba mtu fulani atafundishwa jambo fulani.

Unapokwenda kwa mkurugenzi, sikushauri uanze na haki za wanafunzi, ingawa unaweza kuwa na hakika kwamba uko upande wa haki. Mwulize swali moja la kazi: ripoti ya majaribio ya pampu, ambayo mteja anaitegemea anaponunua, itasainiwa na nani? Kama ni mwanafunzi, kampuni itakuwa imemkabidhi dhamana mtu ambaye hajahitimu na ambaye atakuwa ameondoka siku pampu itakapoleta malalamiko. Kama ni wewe, basi kazi ya mhandisi aliyeondoka imehamia kwako, na juu yake umeongezewa watu wawili wa kufundisha. Sidhani kama kuna jibu la tatu. Mwombe mambo mawili, na uyaombe kwa maandishi: kwamba majukumu ya mhandisi yatapewa wafanyakazi waliopo au mwajiriwa mpya, na kwamba muda wa usimamizi utaondolewa katika malengo yako. Kadirio langu ni nusu saa kila siku kwa kila mwanafunzi katika wiki za kwanza, kisha saa mbili au tatu kwa wiki baadaye. Msimamizi asiyepewa muda huo huutoa katika mapumziko yake kwa juma moja au mawili, halafu huanza kumkwepa mwanafunzi bila hata kujitambua.

Kuhusu malipo, ruzuku ya mwanafunzi si mchango wa kampuni na mkurugenzi asiihesabu hivyo. Ruzuku ya Erasmus+, kwa mfano, inalenga kumsaidia mwanafunzi kubeba gharama za kuishi nje, na makubaliano yake yanaiuliza kampuni waziwazi kama itatoa posho au msaada mwingine. IAESTE, mtandao wa kubadilishana wanafunzi wa fani za ufundi na sayansi ulioanza mwaka 1948, umejengwa juu ya kanuni kwamba kampuni inayompokea mwanafunzi humlipa kiasi cha kumwezesha kuishi. Ufaransa, mafunzo yanayozidi miezi 2 ni lazima yaambatane na posho. Ujerumani, mwanafunzi ambaye mafunzo yake yanatakiwa na mtaala wa chuo hahesabiwi katika kima cha chini cha mshahara, lakini aliyekuja kwa hiari yake kwa zaidi ya miezi 3 anahesabiwa. Unaona, basi, kwamba vijana wawili wanaoketi meza moja wanaweza kuwa na haki tofauti kisheria, na wako wawili wanatoka vyuo tofauti. Vitake vyuo vyote viwili vithibitishe kwa barua kama mafunzo haya ni sehemu ya lazima ya masomo, kisha umpelekee barua hizo mwanasheria wa kampuni kabla ya mtu yeyote kununua tiketi.

Viza haiwezi kuwa jambo lisiloihusu idara ya rasilimali watu, kwa sababu mara nyingi ni kampuni inayoulizwa maswali, na kumweka kazini mtu aliyeingia kwa viza ya utalii ni kosa la kampuni pia. Tena njia hutofautiana sana. Uingereza, kwa mfano, mwanagenzi anayekuja kupitia viza ya kazi ya muda chini ya mipango ya kubadilishana iliyoidhinishwa na serikali hadhaminiwi moja kwa moja na kampuni, bali na taasisi inayosimamia mpango huo, na kampuni inayodhani itaandika barua tu hupoteza miezi. Omba idara hiyo imteue mtu mmoja kwa jina, naye ajue pia kwamba kibali kinaweza kufungwa kwa mahali pa kazi na idadi ya saa, hivyo kumhamishia mwanafunzi tawi jingine, au kumruhusu afanyie kazi nyumbani kwao wiki za mwisho, kunahitaji kuulizwa kwanza.

Nyumba usimtafutie wewe. Mpe barua inayothibitisha mafunzo na tarehe zake, kwa kuwa wenye nyumba huitaka, mweleze ni maeneo gani yanafikika kwa urahisi kutoka kazini, na umwunganishe na mfanyakazi anayelijua jambo hili. Msimamizi anayegeuka dalali hujikuta akilaumiwa kwa bomba linalovuja.

Sasa tufike kwenye kazi yenyewe, ambako ndiko barua ya chuo inakoelekea. Mwanafunzi wako aliyetangulia alinakili takwimu, nadhani, kwa sababu alifika kukiwa hakuna kazi iliyotayarishwa kwa ajili yake, na kunakili ndiko kazi inayopatikana haraka kuliko zote. Kazi nzuri ya mwanafunzi wa miezi mitano ina tabia zake. Iwe inahitajika kweli, ili kuwe na mtu katika idara anayesubiri matokeo yake, lakini isiwe ya haraka kiasi kwamba ikichelewa wiki mbili mtu ataichukua mikononi mwake. Iwe na takwimu ambazo tayari mnazo, si zile mtakazoomba idara nyingine na kuzisubiri mpaka mafunzo yaishe. Na iweze kutoa kitu kidogo kinachotumika mapema, ndani ya wiki tatu au nne hivi, kwa sababu mtu aliye ugenini anahitaji kuona mapema kwamba amefaa.

Nachukulia kwamba idara ya majaribio ya pampu ina matokeo ya miaka kadhaa yaliyolala katika majedwali ya kompyuta. Mwanafunzi wa uhandisi anaweza kulinganisha uhusiano wa kiasi cha maji na shinikizo kama ulivyochapishwa katika katalogi yenu na kama ulivyopimwa kweli, aanze na modeli moja, kisha aonyeshe ni modeli zipi zinaachana na katalogi na kupendekeza majaribio ya kurudia. Hapo atalazimika kuelewa pampu, kuingia karakana, kuzungumza na mafundi na kutetea hitimisho lake, na wewe utabaki na kitu ambacho hukupata muda wa kukifanya. Mwenzake wa biashara asiwe msaidizi wake wala karani wa idara. Mpe maombi ya vipuri yaliyotoka kwa wateja: ni vipuri gani vinaombwa zaidi, ni vipi vinachelewa, na ucheleweshaji unatokea ghalani, kwa msambazaji au katika idhini za ndani. Kunakili takwimu kutakuwepo bado, na hakuna ubaya. Hata mimi naamini mtu hajui takwimu zake mpaka azisafishe mwenyewe. Ubaya ni pale anaposafisha takwimu ambazo hatazitumia yeye.

Andika kazi hizo mbili katika mpango wa mafunzo, kwa sentensi ambazo mwanafunzi anaweza kukushika nazo, kisha mtumie rasimu aisome na kuipinga kabla ya kufika. Wakati huohuo agiza kompyuta, anwani za barua pepe, ruhusa za kuingia kwenye mafaili na vitambulisho vya mlangoni. Inaonekana ni mambo madogo, lakini mgeni anayekaa wiki nzima bila nenosiri hujifunza siku hizohizo kwamba hakuna aliyekuwa akimngojea. Mafunzo ya usalama wa karakana yafanyike kwa lugha anayoielewa barabara, na umwombe aonyeshe kwa vitendo namna ya kuzima mtambo. Saini yake kwenye fomu haithibitishi kwamba alielewa.

Hilo linanileta kwenye ule ukimya wa kijana wa kwanza, ambao unauzungumzia kama tabia yake. Mimi nina shaka. Mtu anayefanya kazi kwa lugha ya pili huchoka kwa kusikiliza tu, na anapoulizwa na mkubwa wake, mbele ya watu, kama ameelewa, ana jibu moja tu la heshima. Badilisha swali. Mwambie, "Nieleze utaanzia wapi kesho asubuhi," au "Nionyeshe sehemu unayoiona ngumu zaidi," na majibu ya hapo hayawezi kuwa ndiyo peke yake. Mpe nafasi ya kujibu kwa maandishi, kwa sababu wengi huandika lugha ya kigeni vizuri kuliko wanavyoizungumza, na baada ya kila mazungumzo marefu mwombe akutumie mistari michache ya alichokielewa. Utagundua tofauti kati ya ulichosema na alichosikia siku ileile, badala ya kuisoma katika barua ya chuo.

Tegemea pia kwamba hali yake haitapanda kwa mstari ulionyooka. Mwanaanthropolojia Kalervo Oberg, katika makala aliyoichapisha mwaka 1960, alieleza jinsi mtu aliye ugenini anavyoanza kwa furaha, akaingia katika kipindi cha kukereka na kutamani kwao, kisha akazoea polepole. Watafiti waliofuata wamepinga hatua ile ya kwanza, kwa kuwa walikuta watu ambao siku za mwanzo ndizo zilizokuwa ngumu kuliko zote. Kwa msimamizi funzo la vitendo ni lilelile: usisubiri tathmini ya katikati ya mafunzo ili kuuliza anavyoishi, anavyolala na kama ana mtu wa kuzungumza naye mwisho wa wiki.

Lakini si lazima mtu huyo awe wewe, na pengine isiwe wewe. Makubaliano ya Erasmus+ yanatenganisha msimamizi wa kazi na mlezi, na yanaeleza kwamba kwa kawaida hao wawe watu tofauti. Naiona busara kubwa katika jambo hilo, maana mwanafunzi hawezi kumlalamikia mtu anayempa alama kwamba mtu huyohuyo hampi muda. Tafuta katika idara nyingine mfanyakazi anayependa watu, ambaye si lazima awe na cheo, na umpe kazi hiyo rasmi ili asiifanye kwa kuiba muda. Wanafunzi wajue pia, tangu siku ya kwanza, nani wa kumwendea wakinyanyaswa au kusumbuliwa kijinsia. Mkataba namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 2019, unawataja waziwazi wanagenzi miongoni mwa wanaopaswa kulindwa dhidi ya ukatili na unyanyasaji kazini, na mwanagenzi wa kigeni ana sababu ya ziada ya kunyamaza, kwa kuwa kibali chake cha kukaa nchini kinaweza kuwa kimefungwa kwenye kampuni yenu.

Mikutano ndiyo itakayokusumbua kuliko unavyodhani, kwa sababu wenzako hawakubadili lugha kwa nia mbaya. Mjadala unapopamba moto kila mtu hurudi kwenye lugha anayoweza kubishania, na wapo wanaonyamaza kabisa wakilazimishwa kutumia lugha ya kigeni, hata kama ndio wenye ujuzi. Amri ya lugha moja tu kwa hiyo itakunyima maoni yao. Ningefanya hivi: ajenda iandikwe na kutumwa siku moja kabla, sehemu inayohusu kazi za wanafunzi ije mwanzoni na iwe katika lugha ya pamoja, na mtu mmoja kwa zamu aketi karibu nao akiwanong'onezea kinachoendelea mjadala unapohama. Tayarisha pia ukurasa wa vifupisho vyenu vya ndani, ambavyo mara nyingi humtatiza mgeni kuliko lugha yenyewe. Na kwa kuwa safari hii ni wawili, wasifungiwe pembe moja wakawa kampuni ndani ya kampuni. Kila mmoja aketi karibu na watu anaofanya nao kazi.

Kuna jambo moja hukuliuliza ambalo huzua ugomvi wiki za mwisho, nalo ni siri za kampuni. Wanafunzi wote wawili wataandika ripoti, na ripoti hizo zitasomwa na walimu wao, wakati takwimu za pampu na wateja wenu si za kila mtu. Amua sasa, pamoja na vyuo, ni nini kitafichwa, ni nini kitaonyeshwa kwa asilimia badala ya namba halisi, na nani atakayeisoma rasimu kwa niaba ya kampuni na kwa muda gani. Hati ya kutunza siri inayomzuia mwanafunzi kuandika chochote itamfanya ashindwe masomo yake. Panga pia tarehe ya cheti. Katika Erasmus+ kampuni huahidi kukitoa ndani ya wiki 5 baada ya mafunzo kumalizika, na ukiandika maelezo mafupi kila mwezi hutalazimika kubuni sifa wakati huo.

Barua ya chuo cha yule mwanafunzi aliyetangulia usiiache bila jibu kwa aibu. Waeleze nini kitabadilika, waambatishie mojawapo ya mipango hii mipya, na waulize kama wangetaka kuzungumza nawe baada ya miezi mitano hii kabla ya kuamua.

Mkurugenzi naye akikataa yale mawili uliyomwomba, yaani pengo lisizibwe kwa wanafunzi na muda wako uhesabiwe, usisaini. Waandikie waratibu wa vyuo vyote viwili mara moja, kwa ruhusa yake au kwa kumtaka yeye aandike, kwamba idara yako haiwezi kutoa usimamizi unaotakiwa kwa wakati huu, au kwamba inaweza kumpokea mmoja tu. Taarifa kama hiyo ikitolewa mapema humwachia mwanafunzi nafasi ya kutafuta kampuni nyingine. Ikitolewa akiwa amekwisha kulipia nyumba na tiketi, haimsaidii tena.

Mshauri